Tuta Moja Lililosalia

Sehemu ya Tisa

Mlikuwa nami wiki iliyopita, Jumatatu ile asubuhi, Mideva alipofungua kufuli na kuusukuma mlango wa nyumba ya karatasi ya nailoni, ile ya kupandia nyanya. Mlisikia yowe lake. Hamkuambiwa ameona nini. Basi ingieni naye.

Minyanya ilikuwa imelala.

Si mmoja, si miwili. Matuta matano kati ya sita! Jumamosi jioni aliiacha imesimama kwenye kamba zake za katani, imemzidi urefu, vichala vya chini vimeanza kuiva. Sasa vilele vilikuwa vimeinama hadi chini na majani yamelegea, yakiwa mabichi bado.

Mideva aligeuka akalitazama kufuli. Lilikuwa zima. Mlango mzima. Na ufunguo wa kufuli lile ulikuwa mmoja tu Lugari nzima, nao ulikuwa shingoni mwake, umefungwa kwa uzi.

Kisha akaliona tuta la sita, lile lililo karibu na mlango. Lilikuwa limesimama sawasawa, hakuna hata jani moja lililolegea.

Tuta hilo lilikuwa lake.

"Nani amekufa huko ndani?"

Ilikuwa sauti ya Awinja, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, ambaye alikuwa njiani na mtungi wa maji. Aliingia, akasimama, akautua mtungi taratibu. Alianza kutembea kati ya matuta akihesabu kwa kidole. Alipofika kwenye tuta la Mideva, kidole kilisimama.

"Mama Abigail."

"Naam, Mama Mike."

"Mbona lako limesimama?"

Mideva aliligeukia tuta lake.

Ndani ya nusu saa wanawake wote sita walikuwa pale. Ni hao waliokata miti kwa mikono yao, wakaisimamisha, wakaivika karatasi ya nailoni waliyoletewa na wafadhili, kwenye kipande cha marehemu Bramwel Makhanu, mume wa Mideva. Kila mmoja alipewa tuta lake. Mvua ya mwezi wa nne mwaka huo wa tisini na sita ilikuwa imeozesha nyanya za watu wote waliopanda nje. Za ndani peke yake ndizo zilizokuwa zimepona. Na Ijumaa ya wiki hiyo wafadhili walikuwa waje kuziona. Wakikuta mazao, kikundi kingeongezewa nyumba ya pili. Wakikuta uozo, karatasi ingevuliwa na kupelekwa Mautuma, kwa wanawake wengine waliokuwa wakiingojea.

"Ufunguo uko na nani?" aliuliza Awinja, ingawa alijua.

"Uko na mimi."

"Uliwahi kumpa mtu?"

"Sijawahi."

"Ulilala nao?"

"Ninalalanga nao kila siku."

"Basi umejijibu."

Mmoja wa wanawake alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba mtu aliyekuja huku kutoka Maragoli na sanduku moja hawezi kuwa na uchungu na kitu cha watu. Mideva alisikia. Miaka kumi na tisa ameolewa hapa, watoto wanne amezaa hapa, mume amezika hapa, na bado lile sanduku halijasahaulika.

"Hebu tungoje bwana shamba," alisema. "Pengine ni ugonjwa."

"Ugonjwa unaojua tuta la nani ni lipi?" Awinja alicheka bila furaha.

Hata hivyo walingoja.

Kipngeno, bwana shamba wa tarafa, alifika saa tatu na pikipiki yake nyekundu, matope hadi magotini. Alikuwa kijana wa maneno machache. Aliinama, akashika shina, akalinusa, kisha akasema, "Nileteeni glasi. Iwe safi, ya kuonekana ndani."

Mideva alikimbia nyumbani, akaja na glasi ya wageni imejaa maji.

Kipngeno alikata kipande cha shina, akakishikilia ncha yake ndani ya maji. "Tazameni hapa. Kama ni ule mnyauko wa ugonjwa, uzi mweupe utashuka kutoka kwenye shina, kama maziwa. Msipepese macho."

"Na usiposhuka?" aliuliza Awinja.

"Basi si ugonjwa."

Sasa fikiria, msomaji. Ule mnyauko ukiingia kwenye udongo, haukai mwaka mmoja au miwili tu. Shamba lako la nyanya limekwisha. Na bado Mideva alisimama pale akiuomba uje. Aliomba kimya kimya, macho kwenye glasi, kwamba udongo wa mumewe uwe umeoza, mradi jina lake lisioze.

Dakika moja ikapita. Mbili. Tano.

Maji yalibaki maji.

"Si ugonjwa," alisema Kipngeno. Alishika mnyanya mmoja kwa mikono miwili akauvuta. Ulitoka bila kushindana naye, mwepesi, akayumba nyuma kidogo. Chini hapakuwa na mizizi. Palikuwa na kisiki tu, kimekatwa.

Akavuta wa pili. Hivyo hivyo. Wa tatu. Hivyo hivyo.

"Hii imekatwa chini ya udongo kwa kitu chenye makali," alisema. "Kisha mtu akarudisha udongo juu. Akina mama, huu ni mkono wa mtu."

Wanawake watano walimgeukia wa sita.

"Mimi?" Mideva alijishika kifua. "Mimi nikate jasho langu mwenyewe?"

"Lako hukulikata," alisema Awinja. "Hapo ndipo ulipokosea. Ungekata na lako, tungekulilia sasa hivi."

Kabla Mideva hajajibu, mtu alikohoa mlangoni.

"Poleni, akina mama. Poleni sana."

Alikuwa Cleophas Makhanu, kaka mkubwa wa marehemu, kofia mkononi, uso wa huzuni. Kipande chake kilipakana na hiki. Tangu msiba wa Bramwel, miaka miwili sasa, hakuwahi kumtetea Mideva katika jambo lolote. Leo alimwekea mkono begani.

"Msimlaumu shemeji yangu," alisema kwa upole. "Mjane ni mtu wa kuhurumiwa. Kuna mtu mbaya ameingia hapa jana tukiwa kanisani, akafanya unyama huu. Lakini kwa ajili ya amani, mimi naona mhamishe nyumba yenu. Mkaisimamishe kwingine. Hapa nitalima mimi mahindi kwa niaba yake, mpaka moyo wake utulie."

Wanawake walitikisa vichwa kukubali. Maneno matamu.

Lakini Mideva alihisi mkono ule begani ukiwa mzito ghafla. Jana? Tukiwa kanisani?

Bwana shamba hakuwa amesema ni lini. Hakuna aliyekuwa amesema ni lini.

"Shemeji," aliuliza polepole, "umejuaje ni jana?"

Cleophas aliuondoa mkono. "Si jana ilikuwa Jumapili? Mwizi anakujanga wakati gani, si wakati watu hawako?"

Lilikuwa jibu zuri. Tena lilikuwa na kitu kingine cha kulitetea: jana Cleophas alikuwa kanisani tangu wimbo wa kwanza hadi matangazo ya mwisho. Mideva mwenyewe alimwona kwenye kwaya, mstari wa nyuma, akiimba sauti nzito. Hakutoka hata kunywa maji.

Basi mkono haukuwa wake. Lakini anajua. Anajua nini?

"Tumesikia," alisema Awinja. Alinyoosha kiganja. "Ufunguo, Mama Abigail."

Mideva aliuvua. Uzi ulinasa kwenye nywele, akauvuta ukakata nywele mbili tatu.

"Tutarudi saa tisa," alisema Awinja. "Ukiwa na mtu wa kututajia, mtaje. Kama huna, kesho tunavua karatasi yetu na hatutaki kukuona kwenye kikundi."

Mlango ulifungwa. Kufuli likalia.

Mtu mwingine angeenda kujilaza. Mideva alibaki nje ya nyumba ile kama mgeni, akaanza kuizunguka. Hakuwa na mpango wowote. Miguu haikutaka tu kwenda nyumbani.

Upande wa nyuma, ambako karatasi imebanwa chini kwa fito na misumari, alisimama.

Misumari yote ya nyumba ile ilikuwa imekwisha kupata kutu. Ufito mmoja tu, wa chini kabisa, karibu na ardhi, misumari yake ilikuwa na alama mpya kichwani. Tena ilikuwa imepinda. Aliyeirudisha hakuwa na nyundo, alipiga kwa jiwe. Na lile jiwe lilikuwa pale pale kwenye nyasi.

"Bwana shamba!" aliita. Kipngeno alikuwa bado anahangaika kuiwasha pikipiki yake. "Njoo uone!"

Waliung'oa ufito ule pamoja. Karatasi ikafunguka kiasi cha mtu kutambaa kwa tumbo.

"Basi hakuhitaji ufunguo," alisema Kipngeno.

"Hakuhitaji. Lakini wataniambia mimi ndiye niliyetambaa, ili nijisingizie mwizi."

Alitambaa ndani. Safari hii hakuitazama minyanya. Alitazama chini.

Udongo ulikuwa na nyufa, nyembamba, za upanga uliochomwa ukachomolewa. Zilikwenda kwa mstari, kila baada ya shubiri moja, kutoka tuta la nyuma kabisa kuelekea mlangoni. Alizifuata kwa magoti. Zilikatiza tuta hilo, zikaingia kwenye njia ya kupita, zikatokea tuta lililofuata.

Akarudi nyuma. Njia ya kupita?

"Bwana shamba, mtu anayetaka kuua nyanya, atachoma upanga njiani kwa nini? Njiani kuna nini?"

Kipngeno alikuna kichwa. "Hakuna kitu."

"Hakuna kitu juu," alisema Mideva. "Huyu hakuwa na ugomvi na nyanya. Alikuwa anatafuta. Anachoma, anasikiliza kama upanga utagonga. Mizizi ilikuwa njiani tu."

Na hapo, akiwa bado amepiga magoti, alikumbuka. Alhamisi! Alhamisi hii mpima ardhi alikuwa aje kupima vipande vya ndugu wawili, ili kila nyumba iandikiwe hati yake. Baba yao aligawa shamba akiwa hai na kusimika jiwe la saruji lenye chuma katikati, bikoni, mpakani mwa Cleophas na Bramwel. Miaka ilivyopita jiwe likafunikwa na udongo na mahindi, na Bramwel akafa kabla hajamwonyesha mkewe lilipo. Mpima akilikuta, kazi ni fupi. Asipolikuta, atauliza wanaume wa nyumba hiyo mpaka uko wapi. Na mwanaume aliyebaki ni mmoja.

Matuta matano yamechomwa hadi mwisho, na upanga haukugonga kitu.

Mideva aliinua macho akalitazama tuta la sita, la upande wa shamba la Cleophas.

Saa tisa walirudi wote. Kipngeno alikuwa bado pale na Mideva, jembe mkononi. Cleophas pia alirudi, amesimama nyuma na kofia yake mkononi.

"Haya," alisema Awinja. "Taja mtu."

"Sina mtu wa kutaja. Nifungulie mlango, Mama Mike, kisha muingie wote. Na wewe, shemeji, ingia."

Walipokwisha kuingia, Mideva alikwenda kwenye tuta lake. Alishika mnyanya wa kwanza. Ulikuwa na vichala vinne, cha chini kimekwisha kuwa chekundu. Alikuwa amemwambia Abigail, binti yake, kwamba hicho cha kwanza watakila wao wenyewe nyumbani, kwa sima, kabla mtu mwingine yeyote.

Aliung'oa.

"Wewe!" Awinja alipiga kelele. "Unafanya nini?"

Mideva aling'oa wa pili. Wa tatu. Hii haikutoka kwa urahisi, ilikuwa na mizizi yake yote, ilishika udongo, na kila mmoja ulipotoka ulitoa mlio. Nyanya zilianguka na kubingirika hadi kwenye miguu ya wanawake. Hakuna aliyeinama kuziokota. Machozi yalikuwa yanamtoka Mideva lakini mikono haikusimama, mpaka tuta zima likawa limekwisha kama matuta ya wenzake.

"Sasa hakuna tuta lililosimama," alisema akihema. "Bwana shamba, nipe jembe."

Alichimba. Mara ya kumi, ya ishirini. Cleophas alisogea mbele. "Shemeji amechanganyikiwa," alisema. "Mshikeni, mtu asije akaumia."

"Mwache!" alisema Awinja, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile sauti yake kuwa upande mwingine.

Ngo!

Jembe liligonga. Mideva alilitupa, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Saruji. Pembe moja. Pembe ya pili. Katikati, chuma chenye kutu.

Wanawake walisogea kulizunguka shimo, joto la karatasi likiwashuka migongoni.

"Ni jiwe la mpaka," alisema Mideva. "Aliyeingia hapa alikuwa analitafuta hili, aling'oe kabla ya Alhamisi. Alianzia mwisho wa nyumba, akaja tuta kwa tuta. Ibada ilikwisha kabla hajafika langu."

Cleophas alilamba midomo. "Jiwe linaweza kuletwa. Mtu anaweza kulifukia mahali popote."

Kipngeno aliinama, akasafisha udongo kwa kiganja. Mzizi wa mti wa zamani, mnene kama kifundo cha mkono, ulikuwa umelizunguka jiwe mara mbili na kulibana.

"Hili halijaletwa, mzee," alisema. "Hili limekaa hapa kabla ya mimi kwenda shule."

Awinja alimgeukia Cleophas. "Wewe ulikuwa kwenye kwaya, tulikuona sote. Ulimtuma nani?"

"Mimi sina maneno na wanawake," alijibu Cleophas. Alivaa kofia yake na kutoka. Hakuharakisha, lakini hakugeuka.

Awinja hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alitoa ufunguo kwenye fundo la leso yake, akamvika Mideva shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akaurekebisha uzi usinase kwenye nywele.

"Nina miche imebaki kwangu," alisema. "Inatosha matuta yote. Kesho asubuhi tunapanda, tunaanzia lako. Ijumaa wakija watakuta miche. Na watakuta hili jiwe, nitawaeleza mimi mwenyewe. Wakitaka kuvua karatasi, waanze na mimi."

Wanawake waliokota nyanya zilizoiva, wakazijaza kwenye leso, wakampa Mideva zote. Yule aliyetaja sanduku ndiye aliyembebea hadi mlangoni kwake.

Jua lilikuwa linashuka alipowasha moto. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi njaa. Alisugua mikono kwa sabuni, akakaanga nyanya mbili na kitunguu, akasonga sima, akapeleka chakula kwanza kwenye nyumba ndogo ya nyuma, kwa mama mkwe wake.

Bibi Khalayi, mama yake Cleophas na marehemu Bramwel, alikuwa kitandani tangu Pasaka. Miguu ilikuwa imekataa, hata hospitali ilishindwa kusema ni kwa nini. Mideva ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha. Kati ya watu wote wa boma lile, huyu pekee hakuwahi kumkumbusha ametoka wapi, naye Mideva alimwita Mayi, yaani mama.

"Karibu, binti yangu," alisema mzee kutoka gizani. "Nimesikia kelele huko shambani."

"Yamekwisha, Mayi. Nitakueleza. Kwanza tunawe."

Aliwasha taa, akamwekea karai mapajani na kumpa kipande cha sabuni. Akammiminia maji ya moto kidogo. Mzee alisugua viganja, kimoja kwa kingine, haraka haraka.

Kila mtu aliyewahi kushika mnyanya anajua. Majani yake yanaacha rangi mikononi, rangi inayojificha kwenye ngozi ya vidole, na huioni mpaka uguse sabuni. Hapo maji yanageuka kijani, kijani cha manjano, na hakuna mmea mwingine unaofanya hivyo.

Mideva alitazama ndani ya karai.

Maji yalikuwa ya kijani.

Birika lilitulia hewani mkononi mwake. Alitazama vidole vile vilivyokonda. Alitazama blanketi lililofunika miguu ambayo haikukanyaga chini tangu Pasaka.

"Mayi," alisema, na sauti yake hakuitambua. "Umeanza kutembea lini?"

Khalayi hakuruka wala hakukana. Alikung'uta maji, akajifuta vidole kwa pembe ya blanketi, kimoja kimoja. Kisha akaliweka karai kando, akashika ukuta, akainuka. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe. Alivuka chumba, akachungulia nje kulia na kushoto, akafunga mlango na komeo.

"Cleophas alinituma nitafute jiwe," alisema akiwa bado amempa mgongo. "Nikamwambia sawa, nitalitafuta."

Alimgeukia Mideva.

"Lakini mimi sikuwa natafuta jiwe."